Breki ya Mkono

Watu wanaponiuliza juu ya gari langu, huuliza linakimbia kiasi gani. Katika miaka yote niliyokuwa nalo hakuna hata mmoja aliyeniuliza linasimama vipi. Hata mimi sikujiuliza swali hilo kwa dhati mpaka alasiri moja ya Agosti mwaka 2011, nilipokuwa nimekaa barazani na kikombe cha chai mkononi, nikaliona gari hilo likiondoka peke yake.

Ni Datsun 240Z, la milango miwili, injini ya silinda sita, lita 2.4. Vijana wa leo hawalijui, lakini sisi tuliokuwa watoto miaka ya sabini tulilijua kama tulivyojua majina ya wachezaji wa mpira. Lilishinda East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Kaka yangu mkubwa aliapa kwamba siku moja angekuwa na lake, na mwaka 1984 alinunua moja lililochakaa huko Nairobi akaja nalo nyumbani Taita. Alipofariki mwaka 2006 likaniangukia mimi, mwalimu wa shule ya msingi ambaye maisha yangu yote nilikuwa mtu wa matatu.

Gari hili lilitoka kiwandani na breki za diski mbele na za dramu nyuma. Dramu ni kama sufuria ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vinavyotanuka na kusugua ukuta wake. Kwa barabara tambarare zinatosha. Lakini nyumba yetu iko chini ya Wundanyi, kwenye njia ya kushukia Mwatate, na asiyeipita njia ile hajui kona ni nini. Joto la breki za dramu hujifungia ndani, na zikipata moto sana hulegea. Zaidi ya hayo, silinda ya nyuma upande wa kushoto ilikuwa imeshikwa na kutu, na kila nilipokanyaga breki gari lilivuta upande mmoja kama ng'ombe aliyeona majani.

Ningeweza kununua silinda mpya, nikasafisha kutu, yakaisha. Lakini nisimfiche msomaji: nilitaka pia kuwa na kitu ambacho kaka hakuwahi kuwa nacho. Nilikuwa nimesoma kwamba wenye magari haya ng'ambo hutoa dramu za nyuma na kuweka diski, wakitumia kalipa za gari lililolifuata baadaye, 280ZX, ambazo zina breki ya mkono ndani yake. Mpwa wangu aliyeko Marekani akaninunulia kalipa hizo pamoja na vyuma vya kuzishikilia. Bei yake siitaji hapa, kwa maana mama watoto naye anaweza kukisoma kitabu hiki.

Fundi alitoka Voi, mzee mtaratibu asiyependa maneno mengi. Kazi ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Ilibidi ekseli fupi ya kila gurudumu itolewe ndipo lile bamba la dramu lipate kuvuliwa, na nati zake zilikuwa zimekazwa kwa nguvu hata tukaongeza bomba la chuma kwenye spana na kuning'inia watu wawili. Ilibidi pia silinda kuu iwekwe nyingine pana kidogo, kwa kuwa kalipa hunywa mafuta mengi kuliko silinda ndogo za dramu. Tena kale kavalvu kanakobakiza shinikizo kwenye bomba la nyuma kakaondolewa, maana kangeachwa pedi zingesugua diski siku nzima. Kisha tulitoa upepo gurudumu baada ya gurudumu, mimi nikikanyaga, fundi akifungua na kufunga. Mwisho tulilijaribu kwenye barabara ya vumbi, tukihakikisha magurudumu ya nyuma hayafungi kabla ya yale ya mbele, kwani gari linalofunga nyuma kwanza hugeuka mkia ukaja mbele.

Siku ya tatu jioni ikabaki breki ya mkono peke yake. Fundi akaniambia, "Mwalimu, hii niachie mpaka kesho asubuhi. Ina utaratibu wake."

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na nilikuwa nimejiandaa kulipeleka gari kanisani watu walione. Nikamwambia akaze tu waya mpaka mkono ushike, yatosha. Alinitazama kidogo, akafuta mikono kwa kitambaa, akakaza waya kama nilivyotaka. Hakubishana na mwenye gari.

Jumapili ile niliona fahari ambayo sasa nikiikumbuka naona aya. Gari lilisimama vizuri ajabu. Niliteremka mteremko wote mguu ukiwa mwepesi, nikasema moyoni kwamba kaka angelia kwa wivu.

Zikapita wiki saba. Alasiri ile ya Agosti nilikuwa nimetoka sokoni Wundanyi, nimeteremka kwa kasi, breki zimepata moto. Niliegesha uani, palipoinama kama ilivyo miji yetu yote ya milimani, nikavuta breki ya mkono, nikaacha gari bila gia kama nilivyozoea tangu enzi za dramu. Likatulia. Nikaingia ndani, nikatoka na chai. Yapata nusu saa ikapita. Kisha nikasikia changarawe zikilia polepole, kama mtu anayenyata.

Mjukuu wangu wa miaka sita alikuwa akicheza chini ya ua na gari lake la waya, alilolitengeneza mwenyewe kwa waya na vifuniko vya chupa. Bibi yake alikuwa amemwita jikoni dakika chache kabla, aje ale kiazi. Gari lilipita pale pale alipokuwa amechuchumaa, likagonga mpera, likasimama. Mtoto alikuja mbio, akaona gari lake la waya limelazwa chini kama karatasi, akaangua kilio. Alilia kwa ajili ya waya. Sisi watu wazima tuliokuwa tukimtazama hatukuwa na sauti ya kumnyamazisha.

Fundi alikuja kesho yake bila kuitwa mara mbili. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Alinieleza mambo mawili. La kwanza, kalipa za namna ile hujirekebisha zenyewe pedi zinapolika, lakini sharti mkono wake mdogo uwe umelala kabisa breki isipovutwa. Kwa hiyo kwanza hukanyagwa breki ya mguu mara nyingi, kalipa ijiweke sawa, ndipo waya ukazwe. Mimi nilitaka waya ukazwe kwanza. Mikono ile ikabaki imeinuka, kalipa zikashindwa kujirekebisha, na kila wiki breki ya mkono ikazidi kulegea. La pili, dramu yenye moto ikipoa husinyaa na kuvibana viatu vilivyo ndani yake. Diski ikipoa husinyaa pia, lakini yenyewe hujitenga na pedi. Ndiyo maana gari lilitulia nilipoliegesha, likaondoka lilipopoa.

Alifanya kazi ile asubuhi nzima, kwa utaratibu wake. Alitengeneza hata kishikizo kipya cha ganda la waya, maana lile ganda likiwa halijashikwa imara, ukivuta mkono huenda ganda badala ya breki. Tangu siku hiyo nikiegesha naweka gia, navuta mkono, na gari likiwa na moto narudi baada ya robo saa kuuvuta tena. Nyuma ya gurudumu naweka jiwe. Wageni hulicheka jiwe hilo. Mjukuu wangu, ambaye sasa ni kijana mrefu kunishinda, halicheki. Mara nyingi ndiye anayeliweka.

Nimefundisha miaka thelathini na moja, nikiwaambia watoto kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nilidhani methali ile inahusu mbio. Nilichojifunza uani kwangu ni kwamba kusimama ni kazi moja, na kubaki umesimama ni kazi nyingine, tena hii ya pili hakuna anayekuja kuitazama Jumapili. Breki ya mguu kila mtu huiona ikifanya kazi. Breki ya mkono hufanya kazi wewe ukiwa umeshaondoka, unakunywa chai, na mtoto wa mtu anacheza chini ya mteremko.

Gari la waya tulilitengeneza upya, mimi na yeye, jioni ile ile. Mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka, kwa hiyo magurudumu aliyafunga yeye.