Maji Yasiyo na Njia ya Kutokea: Sachangwan na Ziwa Nakuru

Sisi tuliolelewa na bahari tumezoea maji yenye kwenda na kurudi, mara bamvua, mara maji mafu. Bara, katika Bonde la Ufa, yako maji ya tabia nyingine.

Sachangwan ipo juu ya nyanda za Mau, kupita mji wa Nakuru, kando ya barabara kuu iendayo Eldoret. Mvua inyeshayo Mau hugawanyika: Mto Molo huteremka hadi Ziwa Baringo, na Mto Njoro huingia Ziwa Nakuru. Ziwa hili, lililo takriban mita 1,750 juu ya bahari, halina mto utokao. Maji hupungua kwa kukaushwa na jua tu, na chumvi hubaki. Ndiyo sababu ya magadi yake. Humo huota mwani, chakula cha heroe, wale ndege wa rangi ya waridi.

Nakuru ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na mwaka 2011 UNESCO ikaiorodhesha pamoja na Elementaita na Bogoria katika urithi wa dunia. Lakini tangu mwaka 2010 hivi maji yamepanda. Magadi yamezimuka, mwani umepungua, na heroe wengi wamehamia Bogoria. Lango kuu la hifadhi lilifunikwa, na jirani zake wakapoteza nyumba na mashamba. Basi tunapokwenda kutazama uzuri wake, tusiwasahau waliohamishwa nao.

Ziwani hapaogelewi. Matembezi ni ya gari, kuwatazama vifaru na twiga, na kushuka mahali paliporuhusiwa tu. Watoto wachukuliwe masweta, kwani baridi ya huko si ya Mombasa.

Na mwenye kuendelea hadi Sachangwan asafiri mchana, maana mteremko ni mkali na malori ni mengi. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapo. Watu wakakimbilia kuteka, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Tuwafundishe vijana wetu mapema: mafuta yaliyomwagika barabarani si riziki ya kuokotwa. Wayaonapo, wakae mbali nayo, na wawazuie wenzao.