Mshipi wa Baba, Bahari ya Wengine

WATU wakiniuliza natoka wapi nami nikawajibu Vanga, swali la pili huwa ni lile lile: "Basi wewe bila shaka ni mvuvi hodari?" Wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza hivyo, majirani zangu wa Buruburu wameniuliza, na hata kinyozi wangu. Jibu langu limekuwa likiwavunja moyo. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa mshipi, na baba yake kadhalika, lakini mimi hadi natimiza umri wa miaka 66 sikuwa nimewahi kumtoa samaki baharini kwa mkono wangu mwenyewe.

Si kwamba nilikuwa mvivu au mwoga wa maji. Baba alinikataza. Nilikuwa na ruhusa ya kubeba makafi, kuosha ngalawa na kupeleka changu na tewa kwa wateja, ila ngalawa ikianza kuelea tu, nilishushwa. "Kazi hii nimekufanyia mimi," alikuwa akisema. "Wewe kafanye ya kalamu." Wenzake waliokwenda baharini na watoto wao walimcheka. Viganja vyake vilikuwa na mistari iliyokatwa na mshipi, mmoja chini ya mwingine, mithili ya daftari la shule, na nadhani hakutaka mistari hiyo ihamie kwangu. Basi nikasoma, nikawa mwalimu, na kwa miaka 34 nikafundisha bara, kwa watoto ambao bahari waliijua kwa ramani.

Mnamo Agosti 2025 nilikwenda kumtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Plymouth, kusini magharibi mwa Uingereza. Ana mtoto wa kiume wa miaka 11 aliyezaliwa huko huko. Kiswahili anakisikia vizuri na hukijibu kwa kusitasita. Kijana huyu alikuwa amekwisha kupanga mambo yake kabla sijatua. Alikuwa amesikia kwamba babu ni mtu wa pwani, na alijua kwamba katika mji mdogo wa Looe kuna mashua zinazowachukua wageni kwa saa mbili hivi kwenda kuvua samaki aitwaye makreli. "Babu, wewe utanifundisha," akaniambia. Hakuuliza kama ninajua. Mama yake alinitazama, kisha akajishughulisha na vyombo.

Makreli, msomaji, si mgeni kwetu kabisa. Ni wa jamii moja na kibua, yule ambaye watu wa Pwani humkaanga na kumlia ugali. Huyu wa kwao ni wa bahari ya baridi. Mgongo wake ni kijani kilichochanganyika na buluu, umechorwa michirizi myeusi inayopindapinda kama maandishi ya mtu mwenye haraka, na tumbo lake ni jeupe la kung'aa. Hana kile kifuko cha hewa ambacho samaki wengi hukitumia kuelea, na hupata pumzi kwa kuogelea kinywa wazi ili maji yapite kwenye matamvua. Akisimama, anazama na kukosa hewa. Kwa hiyo maisha yake yote ni mwendo. Wakati wa kiangazi makundi yake husogea karibu na ufuo yakifukuza samaki wadogo, na hapo ndipo mashua za Looe hupata kazi.

Tulipanda treni hadi Liskeard, tukabadilisha na kuingia treni nyingine ndogo inayofuata bonde la mto. Katikati ya safari dereva hushuka, akatembea hadi upande wa pili wa treni, kisha ikarudi kinyumenyume na kushika njia nyingine. Mjukuu wangu alifurahi kuona nimeshangaa. Looe penyewe pamegawanyika pande mbili za mto, na maji yakipwa mashua zilizo juu ya mto hukaa kwenye tope zikiwa zimelala ubavu, sawasawa na Vanga. Nauli ya mashua sitaitaja. Nikiigeuza kuwa shilingi mtasema nimepotoka.

Nahodha alikuwa mtu wa makamo yangu, uso mwekundu kwa upepo. Alitugawia majaketi ya kujiokolea, akahakikisha kila mkanda umefungwa, ndipo tukatoka, abiria tisa. Ilikuwa kiangazi chao, nami nilikuwa nimevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Bahari ile katika Agosti haipiti sana nyuzi 17, ilhali ya kwetu mara chache hushuka chini ya 25. Nilitia kidole majini nikakitoa upesi. Kulia kwetu kulikuwa na kisiwa cha Looe, ambacho ni hifadhi, na sili wawili walikuwa wamejilaza mwambani kama magunia. Mbali kabisa, upeoni, ulionekana mnara wa taa wa Eddystone, mwembamba kama kijiti cha kiberiti.

Mjukuu wangu hakukawia. Alimwambia nahodha kwa fahari kwamba babu yake ametoka katika ukoo wa wavuvi, huko Kenya. Nahodha akanitazama kwa heshima mpya, akaacha kunipa ufito kama abiria wengine, akanipa mshipi mtupu uliozungushiwa kwenye kibao. Nikamwambia mambo yalivyo: aliyevua ni baba yangu, na mimi alinipeleka shule. Mzee yule akatikisa kichwa polepole. Akasema mwanawe ni fundi wa umeme Bristol. Hakuongeza neno, nami sikumwuliza aliyemtuma huko ni nani.

Basi akatufundisha wote wawili pamoja, mimi na mtoto. Kwenye mshipi ule hakuna chambo. Kuna ndoana tano, kila moja imefungwa manyoya ya rangi, na mwishoni chubwi la risasi. Makreli huwinda kwa macho, na manyoya yakichezeshwa majini humdanganya kwamba ni samaki wadogo wanaokimbia. Unaliacha chubwi lizame, unahesabu, kisha unauinua mshipi kwa mkono na kuushusha, unauinua na kuushusha, kama mtu atwangaye taratibu. Nahodha alikuwa na chombo kinachoonyesha samaki kwenye kioo, lakini niliona anawatazama ndege zaidi. Walipoanza kujirusha majini kama mawe, akageuza usukani, akazima injini.

Nilitazamia kuvutwa kwa nguvu. Haikuwa hivyo. Mshipi ulilegea tu mkononi, kama uliokatika. "Vuta!" akapaza sauti nahodha, kwa maana makreli akishika ndoana mara nyingine hukimbilia juu, na uzito wa chubwi ukapotea. Nikavuta. Hapo ndipo nilipousikia, msomaji, ule mtetemo ambao baba alikuwa akiujua kila usiku wa maisha yake na ambao hakuwahi kunisimulia. Hauko kwenye kiganja peke yake. Unapanda hadi kwenye kiwiko. Walitoka samaki wanne kwa mpigo mmoja, wakaanguka mashuani wakipiga mikia kwenye mbao kwa kasi kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mjukuu wangu alipiga kelele. Mimi sikusema kitu. Nilikitazama kiganja changu, na mshipi ulikuwa umeacha mstari mmoja mwekundu.

Nusu saa haikwisha, ndoo yetu ilikuwa na samaki 14. Tulikuwa bado juu ya kundi, na kila aliyeshusha mshipi alipandisha. Hapo nahodha akatangaza kwamba anayetaka kuendelea ajiulize kwanza nyumbani wako walaji wangapi. Abiria mmoja akajibu kwamba wanaozidi atawarudisha majini. Nahodha akamweleza, kwa upole lakini bila kumumunya maneno, kwamba ngozi ya makreli ni laini mno, na akishikwa kwa mkono mkavu hubanduka, akaenda kufia mbali ambako hatumwoni. Aliye mdogo hupukutwa kutoka kwenye ndoana bila kuguswa. Wengine wasivuliwe kabisa.

Wakati tunarudi alitusimulia kwa nini ana ukali huo. Katika miaka ya 1970, makreli wa Bahari ya Kaskazini walipokuwa wamevuliwa hadi wakapungukiwa, meli kubwa za nyavu zilihamia upande huu, na huko Falmouth zikatia nanga meli za viwanda kutoka Urusi ya Kisovieti na nchi jirani zake, zikinunua samaki na kuwagandisha papo hapo. Usiku, akasema, zile taa zilikuwa kama mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikabidi eneo kubwa la bahari hiyo liwekewe mipaka dhidi ya meli hizo, na wavuvi wa mshipi wakaachwa waendelee. Sheria hiyo naisifu. Lakini samaki hajui mpaka. Tangu karne hii ianze makreli wamesogea pia kuelekea Iceland, na mataifa yanayowavua yakashindwa kwa miaka mingi kupatana ni nani achukue kiasi gani. Kila moja lilijipangia fungu lake, na mafungu hayo yakijumlishwa yalipita yale ambayo wanasayansi walishauri. Sisi tuna methali isemayo mla ni mla leo, mla jana kala nini. Naona hao wakubwa wameitumia bila kujua Kiswahili.

Jikoni kwa binti yangu palizuka ubishi. Yeye alitaka kuwapaka tui la nazi la kopo. Mimi nilipinga. Samaki mwenye mafuta kiasi kile hahitaji nazi juu yake. Mchane ubavuni, mtie chumvi, pilipili, kitunguu saumu na ukwaju, kisha mchome. Nilishinda. Jambo moja, hata hivyo, nawasihi akina mama na wanafunzi mnaojipikia: samaki wa jamii hii, pamoja na kibua na jodari, huharibika upesi ajabu. London ya mwishoni mwa karne ya 17 ilitungiwa sheria ya kuruhusu makreli wauzwe hata Jumapili, siku ambayo biashara ilikatazwa, kwa kuwa hawangengoja Jumatatu. Akikaa kwenye joto huzaa sumu ambayo moto hauiondoi, ukila unawashwa, uso unakuwa mwekundu na kichwa kinagonga. Nahodha aliwatia wetu kwenye barafu kabla hatujamaliza kuwahesabu.

Nilirudi Nairobi mwanzoni mwa Septemba. Mwisho wa mwezi huo huo ulitoka ushauri wa ICES, baraza la kimataifa la wanasayansi wa bahari, kwamba uvuvi wa makreli katika Atlantiki ya kaskazini mashariki mwaka 2026 upunguzwe kwa asilimia 70 ukilinganishwa na ushauri wa mwaka uliotangulia. Mjukuu wangu aliipata habari hiyo kabla yangu, akanipigia simu usiku. Hakutaka kujua kuhusu Iceland wala Norway. Alitaka kujua kama yule mzee wa Looe atakuwa na kazi, na kama wale 14 tuliowachukua walikuwa wengi. Nilimwambia wote tuliwala, hata vichwa nilitengenezea mchuzi. Kuhusu mzee, sikuwa na la kumwambia.

Kisha akauliza mshipi wa baba yangu uko wapi. Swali hilo sikuwahi kujiuliza. Nilimpigia dada yangu huko Vanga, naye bila kufikiri akajibu kwamba uko kwenye kasha la marehemu mama, umezungushiwa kwenye kibao chake cha mkoko, ndoana zimeliwa na kutu. Nimemwomba azitupe ndoana na aniwekee kibao. Binti yangu anakuja na mtoto Desemba, na tayari nimemwuliza jirani mmoja wa Vanga mwenye ngalawa kama anaweza kutuchukua watatu.