Somo Yangu, Somo Langu: Maya Watatu katika Dansi, Bunilizi na Filamu

Neno ‘somo’ lina maana kadhaa katika Kiswahili, na upatanisho wa kisarufi husaidia kuzitenganisha. Mwanafunzi akisema ‘somo langu’, anakusudia kile anachofundishwa darasani. Mtu wa pwani akisema ‘somo yangu’, amemtaja mtu: yule aliyeitwa jina kama lake, ambaye kwa sababu hiyo pekee huwa na haki juu yake, naye akawa na haki juu ya mwenziwe. Aidha huitwa somo yule mwanamke mtu mzima anayekabidhiwa mwari ili amfunde mambo ya utu uzima, aghalabu kwa ngoma na nyimbo. Jina, mafunzo na ngoma vimekutana katika neno moja. Sidhani kwamba jambo hilo ni la kupuuzwa na mhakiki.

Katika makala haya nakusudia kulitumia neno hilo kuwasoma wanawake watatu waliojulikana ulimwenguni kwa jina la Maya. Wa kwanza ni Maya Deren, mtengenezaji wa filamu, aliyezaliwa Kyiv mwaka 1917 na kufariki New York mwaka 1961. Wa pili ni Maya Angelou, mwandishi, aliyezaliwa St. Louis nchini Marekani mwaka 1928 na kufariki mwaka 2014. Wa tatu ni Maya Plisetskaya, mcheza dansi ya baleti, aliyezaliwa Moscow mwaka 1925 na kufariki Munich mwaka 2015. Fasihi linganishi tuliyoirithi vyuoni hulinganisha kwa kigezo cha taifa, lugha, utanzu au kipindi. Jina la mtu halimo katika orodha hiyo, kwani huhesabiwa kuwa sadfa tupu. Hoja yangu ni kwamba sadfa hiyo yaweza kumfaa mhakiki, kwa sharti moja: achunguze kila mwenye jina alilipataje na alilifanyia kazi gani.

Tuanze na majina yenyewe. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyejibunia jina. Deren aliitwa Eleanora na wazazi wake, na jina la ukoo lilikuwa Derenkowska. Familia ilihamia Marekani mwaka 1922, na huko jina la ukoo likakatwa, likabaki Deren. Jina la Maya lilitoka kwa mumewe, Alexander Hammid, mtengenezaji wa filamu aliyekuwa amefanya kazi Prague, naye akalichukua rasmi mwaka 1943. Katika Kisanskriti neno hilo lina maana ya mazigazi, yaani kuonekana kwa kitu kisichokuwapo. Kwa mtu aliyekusudia kuishi kwa kutengeneza filamu, jina lilimwafiki.

Angelou alizaliwa akiitwa Marguerite Annie Johnson. Kaka yake Bailey, aliyemzidi umri kwa takriban mwaka mmoja, alizoea kumwita ‘dada yangu’ kwa Kiingereza, na matamshi yake ya kitoto yakazaa Maya. Kwa hiyo asili ya jina hilo ni kimilikishi, ile ‘-angu’ ya Kiswahili. Nalo Angelou limetokana na Angelos, jina la mumewe wa kwanza.

Plisetskaya ndiye pekee aliyeitwa Maya tangu kuzaliwa. Jina lake la ukoo ni la baba yake, Mikhail Plisetsky, aliyekamatwa mwaka 1937 na kuuawa mwaka 1938 katika utawala wa Stalin. Mama yake, Rachel Messerer, aliyekuwa mwigizaji wa filamu bubu, alipelekwa kambini Kazakhstan pamoja na mtoto mchanga. Maya akabaki mikononi mwa mama yake mdogo, Sulamith Messerer, mcheza dansi wa Bolshoi.

Mimi nina jina la nyanya yangu mzaa baba. Wazee waliomjua walinisalimu nikiwa mtoto kwa heshima nisiyoistahili bado, na nilipokosa adabu walinikumbusha kuwa mwenye jina hakuwa hivyo. Ndivyo nilivyofahamu, kabla ya kusoma nadharia yoyote, kwamba jina ni amana. Huja likiwa na mtu mwingine ndani yake, na anayelibeba hudaiwa. Mila za utoaji majina nchini Kenya zinatofautiana sana, lakini wazo hili laweza kusikika katika nyingi kati yake. Ni wazo linaloipinga ile imani ya kisasa kwamba jina ni mali ya mtu binafsi, aliyoichagua ili ajitofautishe na wengine.

Wanawake hawa watatu wanalithibitisha wazo hilo na pia wanalitatiza. Jina la mmoja lilitoka kwa mume, la wa pili kwa kaka, la wa tatu kwa wazazi. Tukiyageukia majina ya ukoo, tunakuta baba, mume na baba. Mapokeo ya uandishi wa kitaaluma yanatutaka tumtaje msanii kwa jina la ukoo, na tunayafuata tukidhani kwamba hayaegemei upande wowote. Kumbe kila tunapoandika ‘Angelou’ tunamtaja pia mwanamume aliyeachana naye zamani. Mhakiki anayekataa na kuandika ‘Maya’ peke yake hajautatua mkwamo huo. Nimesoma insha nyingi za wanafunzi ambamo Tolstoy ni Tolstoy na Achebe ni Achebe, ilhali mwandishi wa kike huitwa kwa jina lake la kwanza kana kwamba ni binamu wa mwandishi wa insha. Angelou mwenyewe alijulikana kwa kutopenda kuitwa ‘Maya’ na watu asiowajua, hasa walio wadogo kwake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sababu. Mtu mzima haitwi jina kavu. Ataitwa Bi au Mama fulani.

Sababu nyingine imo katika kitabu chake cha kwanza cha tawasifu, *I Know Why the Caged Bird Sings*, kilichotoka mwaka 1969. Humo tunakutana na mwanamke wa Kizungu ambaye msichana Marguerite anamtumikia jikoni. Mwajiri huyo kwanza analikosea jina lake, kisha, kwa ushauri wa rafiki anayeliona kuwa refu mno, anaamua kumwita Mary. Msichana analipiza kwa kuvunja kwa makusudi vyombo ambavyo bibi huyo anavithamini kuliko vyote. Onyesho hili ni fupi, lakini linabeba uzito wa historia ya watumwa waliopewa majina na waliowanunua. Jina la Bailey na jina la mwajiri yote yametoka kwa mtu mwingine. La kwanza lilisema ‘wewe ni wangu’ kwa maana ya udugu. La pili lilisema hivyo hivyo kwa maana ya umiliki. Tofauti ya kimilikishi hicho haimo katika sarufi. Imo katika uhusiano wa wanaozungumza.

Mwaka 1943, mwaka ule ule alipochukua jina jipya, Deren alitengeneza pamoja na Hammid filamu fupi iitwayo *Meshes of the Afternoon*, naye mwenyewe akaigiza. Mwanamke analala kitini, na ndoto yake inajirudia. Kila inapojirudia anaongezeka mwanamke mwingine aliye sawa naye, hadi wanakaa watatu kwenye meza moja. Kati yao upo ufunguo. Mmoja baada ya mwingine anaushika, na katika kiganja cha wa tatu ufunguo unageuka kuwa kisu. Wahakiki wameisoma filamu hii kwa jicho la saikolojia, nao wana haki. Nikiisoma kwa jicho la usomo, naona mwanamke aliyepewa jina jipya akiwatazama wote waliomo ndani ya jina hilo, asijue ni yupi atakayemfungulia mlango na yupi atakayemdhuru. Kufanana kwao hakuwapi usalama.

Sasa tuingie kwenye dansi, kwani ndiyo inayowaunganisha watatu hawa kwa nguvu zaidi ya jina. Deren, aliyekuwa na shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiingereza, aliingia katika nyumba ya dansi kwa mlango wa ofisi: mwaka 1941 alikuwa katibu wa Katherine Dunham, mcheza dansi na mwanaanthropolojia Mmarekani Mweusi aliyefanya utafiti Haiti. Mwaka 1945 alitengeneza *A Study in Choreography for Camera* pamoja na Talley Beatty, aliyekuwa amecheza katika kundi la Dunham. Beatty anainua mguu msituni na kuushusha ndani ya chumba. Baadaye anaruka, na mruko wake unaendelea hewani kwa muda ambao hakuna mwili wa binadamu unaoweza kuuhimili. Dansi hiyo haiwezi kuchezwa jukwaani, kwa sababu mchezaji wake ni wawili: mwili wa Beatty na mkasi wa mhariri.

Kuanzia mwaka 1947 Deren alikwenda Haiti mara kadhaa akikusudia kutengeneza filamu ya dansi za Vodou. Filamu hakuikamilisha maishani mwake. Alichokamilisha ni kitabu, *Divine Horsemen*, kilichochapishwa mwaka 1953. Picha alizopiga ziliunganishwa na wengine baada ya kifo chake. Alikiri kwamba alichokikuta huko kilivunja mpango wake wa kisanaa, akaona heri akieleze kwa unyenyekevu kuliko kukigeuza kuwa malighafi ya sanaa yake. Katika Vodou mtu aliyepandwa na mungu huitwa farasi, na wakati huo watu humwita kwa jina la huyo aliyempanda. Msomaji wa pwani atakumbuka mara moja kwamba kwetu aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Kotekote mwenye jina huondoka kwa muda akampisha mwingine mwilini mwake. Ngoma ndiyo inayomwondoa na ngoma ndiyo inayomrudisha.

Angelou aliifuata njia hiyo kutoka upande mwingine. Akiwa mtoto wa miaka minane hivi alibakwa na rafiki wa mama yake; alipomtaja mhalifu na mhalifu akauawa, mtoto aliamini kwamba sauti yake ndiyo iliyoua, akanyamaza kwa takriban miaka mitano. Ilimbidi mtu huyo arudi kwenye lugha, na katika ujana wake dansi ilikuwa njia mojawapo. Alicheza na Alvin Ailey, alijifunza kwa Pearl Primus, na katika miaka ya 1954 na 1955 alizunguka Ulaya na kundi la *Porgy and Bess*. Alipogeukia kalamu, mhariri wake Robert Loomis alimchokoza kwa kumwambia kwamba kuandika tawasifu iliyo fasihi ni jambo gumu mno. Matokeo yake ni vitabu 7, ambavyo wahakiki hawajaacha kubishana kama ni tawasifu au bunilizi, kwani vina maonyesho, mazungumzo na mpangilio wa riwaya. Mwaka 1972 aliandika mswada wa filamu ya *Georgia, Georgia*, ikaongozwa na mtu mwingine. Mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 70, aliongoza mwenyewe *Down in the Delta*. Miaka 26 ilipita baina ya kuandika filamu na kukabidhiwa kuongoza moja.

Kwa Plisetskaya, bunilizi ilimfikia kwa njia ya mwili. Aliingia Bolshoi mwaka 1943. Bolshoi ilipokwenda London mwaka 1956 aliachwa nyumbani, kwa kuwa serikali haikumwamini. Katika filamu ya *Anna Karenina* ya mwaka 1967 aliigiza Betsy, mwanamke wa barazani aliyebobea katika porojo za wakubwa. Miaka mitano baadaye aliirudia riwaya hiyo ya Tolstoy kwa muziki wa mumewe, Rodion Shchedrin, akiwa mmoja wa watunzi wa dansi hiyo, na safari hii alicheza Anna mwenyewe. Mwaka 1974 baleti hiyo nayo ikawa filamu. Tolstoy alihitaji mamia ya kurasa kueleza jinsi jamii inavyomfungia mwanamke milango mmoja mmoja. Plisetskaya alilazimika kuyaeleza hayo bila neno, mbele ya dola iliyokuwa imemfungia yeye mipaka ya nchi. Mwaka 1994, dola hiyo ikiwa imekwisha kusambaratika, alichapisha tawasifu ambayo neno la kwanza la anwani yake ni ‘mimi’, likifuatwa na jina lake kamili, lile la baba aliyeuawa likiwamo.

Tukiwaweka watatu hawa pamoja, hatupati ukoo wala mkondo wa kisanaa. Tunachopata ni tatizo moja lililotatuliwa kwa namna tatu. Dansi hupotea pindi inapochezwa, na mwili ulioicheza huzeeka. Deren aliitia katika filamu, Angelou akauendeleza utendaji huo katika ukurasa, naye Plisetskaya akautoa ukurasa wa mwingine na kuurejesha mwilini kabla ya kuandika wake. Katika kila hali, jina lililotolewa na mwingine likawa lao kwa kazi. Hakuna aliyelichagua peke yake, lakini kila mmoja alilistahili.

Ndiyo maana napendekeza kwamba usomo uingizwe katika msamiati wetu wa uhakiki linganishi. Somo hamezwi na somo yake. Wanaitana, wanadaiana, wanafundishana, kisha kila mmoja anarudi nyumbani kwake. Mlinganisho unaowageuza wanawake watatu kuwa mfano mmoja wa ‘sauti ya mwanamke’ ni sawa na yule mwajiri aliyeona jina la Marguerite kuwa refu mno. Kazi ya mhakiki ni kulitamka jina zima, hata linapouchosha ulimi.