Amana Yenye Manyoya

Madina, katika nyumba ya Abu Talha, palikuwa na mtoto mdogo aliyefuga ndege. Wapokezi wa hadithi wametuhifadhia jina lake la kuniya, Abu Umair, na aina ya ndege wake, nughair, kijidege cha ukubwa wa shomoro. Ndege akafa. Mtume Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa na mazoea ya kuitembelea nyumba ile, alimkuta mtoto ana huzuni, akauliza kulikoni, akaelezwa. Ndipo akamgeukia mtoto mwenyewe, akamwita kwa kuniya yake kama aitwavyo mtu mzima, akamuuliza habari za kijidege chake.

Habari inaishia hapo. Wanazuoni wameichimba karne kwa karne. Ibn al-Qass aliiandikia kitabu maalumu, akatoa humo mafunzo 60. Mimi si mwanazuoni, na kila ninapoisoma huishia kulitafuta jambo moja lisiloandikwa: mtoto alijibu nini?

Labda hakujibu. Labda alilia upya. Au labda alieleza kwa urefu, kama watoto waelezavyo, jinsi ndege alivyokuwa akidonoa, alivyokishika kidole kwa kucha zake, na asubuhi ile alivyokutwa amelala ubavu, miguu imekunjwa. Anayeulizwa habari za aliyeondoka hupewa ruhusa ya kumtaja. Je, mfiwa, awe mdogo awe mkubwa, huwa anataka zaidi ya hilo?

Kwetu huku pwani nani amekua bila nughair wake? Mmoja alikuwa na kifaranga, akakiona kikinyakuliwa na mwewe mbele ya macho yake. Mwingine alifuga njiwa juu ya banda la kuku, akawajua mmoja mmoja kwa milio. Mwingine aliletewa komba na mgema, aliyemkuta mnazini alfajiri amelewa tembo la watu, macho mawili makubwa yasiyoelewa kilichotokea. Akakaa naye siku chache, kisha asubuhi moja akakuta kamba tupu. Paka ndio hawahesabiki. Mji Mkongwe, Lamu, kila baraza ina paka wake, na kila paka ana mtoto anayeapa kuwa ni wake.

Na karibu wote hao, walipolia, waliambiwa maneno yale yale. Nyamaza, huyo ni mnyama. Utapata mwingine.

Nimeanza kuyaogopa maneno hayo. Nani atathubutu kumwambia mjane siku ya matanga kwamba atapata mwingine? Kwa mtoto hakuna paka kwa jumla. Yupo mmoja, mwenye sikio lililochanika, anayelala juu ya daftari la hesabu, na huyo akienda, paka wote waliobaki duniani ni wageni.

Mpwa wangu alikuwa na mbuzi. Kwa haki hakuwa wake. Alinunuliwa kwa ajili ya Idi Kubwa, akafungwa chini ya mwembe uani, na mtoto akapewa kazi ya kumletea majani na maganda ya ndizi. Hakuna aliyemkataza kumpenda. Pengine hatukuona kwamba anampenda, maana mapenzi ya mtoto kwa mnyama hayana tangazo. Ukiyatazama kwa haraka utadhani ni mchezo. Akampa jina. Jioni akirudi chuoni alikaa karibu naye, akamsomea alifu na be zake, na mbuzi akatafuna.

Siku ya Idi, baada ya sala, wanawake walimwita ndani wakafunga dirisha la uani. Dirisha haliwezi kufunga kila sauti. Pilau ilipoletwa alikaa mbele ya sinia, mikono mapajani. Hakulia. Alitutazama watu wazima mmoja baada ya mwingine, taratibu, akitafuta usoni mwetu dalili ya kitu ambacho yeye alikwisha kukijua.

Siandiki haya kukilaumu kisu. Nakijua kisa cha Nabii Ibrahim, nami kila mwaka nasimama kwa unyenyekevu mbele ya maana yake: kwamba kinachotolewa ni kile ambacho moyo umekishika. Ndiyo sababu swali hili halinitoki. Katika ua ule, asubuhi ile, nani alitoa? Baba wa nyumba alitoa fedha. Mchinjaji alitoa kazi yake. Sisi wengine tulikuja na njaa zetu na kanzu safi. Kama maana ni kukitoa ukipendacho, basi huenda pale uani aliyetoa alikuwa mmoja tu, mdogo kuliko sote, na hakuna aliyemuuliza kama ameridhia, wala aliyemwambia kuwa sadaka yake imeonekana.

Ilipofika likizo, aliniomba nimpeleke akaone wanyama wasiochinjwa. Ndivyo alivyosema.

Tulipanda mashua kwenda Changuu. Kisiwa kile kina kobe wakubwa wenye asili ya Aldabra; wa kwanza waliletwa mwaka 1919, zawadi kutoka kwa gavana wa Shelisheli. Umri wao umeandikwa kwa rangi juu ya magamba. Mpwa wangu alimlisha mmoja jani la mchicha, akatazama shingo ile yenye mikunjo ikinyooka polepole kana kwamba haijawahi kuharakishwa na mtu. Kisha akaisoma namba ya mgongoni. Ilikuwa imepita 100. Akakaa kimya kidogo.

“Mjomba, huyu atakufa baada yangu?”

Nikamwambia yumkini. Sura yake ikafunguka. Sijapata kuiona faraja ya namna ile usoni mwa mtoto. Kwa mara ya kwanza alikutana na kiumbe ambacho hatakuwa na zamu ya kukizika, kwa hiyo angeweza kukipenda bila kukilinda kwa jicho la wasiwasi. Akakumbatia gamba lile kwa mikono yote miwili.

Mimi ndiye niliyeingiwa na baridi juani pale. Raha yake ilitokana na hesabu ambayo sisi wakubwa huipita mbali: wanapopendana wawili, mmoja atabaki. Yeye alikuwa ameifanya hesabu hiyo mapema, kwa mbuzi, na akaona afadhali abaki kobe. Je, hayo ni mawazo ya mtoto? Au sisi ndio tuliokuwa na mawazo hayo utotoni, tukayafunika kwa shughuli?

Sikumsimulia sehemu nyingine ya historia ya kobe wale. Mwaka 1955 walikuwa kama 200. Wakaibwa, wengine kwa ajili ya nyama, wengine wakauzwa ng'ambo kwa watu waliotaka kuwafuga, mpaka mwaka 1996 wakabaki 7. Walio wengi sasa ni watoto wa baadaye, wanaolindwa nyuma ya uzio. Neno lile, kufuga, linanisumbua hapa. Huyo aliyenunua kobe wa wizi, akamweka bustanini kwake katika nchi ya baridi, hakumpenda? Nadhani alimpenda. Nadhani alimlisha kwa mkono wake na alihuzunika alipodhoofika. Mtoto anayefumba kiganja juu ya kipepeo huwa hajui kuwa anabana. Ni umri gani tunaoanza kujua? Na tukishajua, tunafungua kiganja, au tunabana kwa siri?

Unguja ilikuwa na chui wake. Bahari ilipopanda baada ya zama za barafu, miaka kama 10,000 iliyopita, ikaitenga ardhi hii na bara, chui waliobaki upande huu wakawa wadogo kuliko ndugu zao wa ng'ambo ya maji, na madoa yao yakawa madogo madogo. Wazee wa mashamba walisema chui ni wa aina mbili, wa mwitu na wa kufugwa. Walisimulia juu ya wafugaji chui, watu wenye uchawi waliojua kuwaita, kuwalisha na kuwatuma usiku kwa mahasidi wao. Hofu hiyo ilikuwa na miguu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Kitanzi, mganga mashuhuri, aliongoza msako wa wachawi na wa chui wao pamoja. Chui wakauawa. Miaka ya 1990 hata wataalamu waliokuja na mpango wa kuwahifadhi walikata tamaa. Mwaka 2018 wapiga picha wa televisheni kutoka Marekani walisema kamera yao imemnasa mmoja usiku, na kwa muda kisiwa kizima kilizungumza. Kisha kimya kikarudi.

Utotoni nilimwona mmoja wa chui hao katika makumbusho, ngozi iliyokaushwa na kujazwa, macho ya kioo. Wenzangu waliogopa. Mimi, nakumbuka, nilitaka kumgusa mgongo.

Nimewafikiria sana wafugaji chui. Siwatetei, sijui hata kama walikuwapo. Lakini nyuma ya hofu ile naona tamaa ya kale sana, kwamba mnyama wa msituni aje mlangoni kwako kwa hiari yake, akujue kwa harufu, aitike ukimwita. Si ndiyo tamaa ya kila mtoto anayeacha kipande cha muhogo chini ya mti akisubiri komba ashuke? Watu wazima waliiogopa tamaa hiyo ilipokuwa mikononi mwa jirani, wakaiita uchawi. Kwa mtoto huitwa utoto. Chui, kwa upande wake, alilipa gharama ya yote mawili.

Mpwa wangu amechora chui juu ya kitanda chake. Amemtia madoa kwa kalamu ya wino, moja moja, kazi ya jioni nyingi. Nami nikiitazama picha ile najiuliza mapenzi hayo yatakwenda wapi. Njiwa akifa ana mwili wake, ana shimo lake chini ya mpapai, ana jani la kumfunikia. Mtoto anajua pa kusimama. Chui wa Unguja alikufa siku gani? Wa mwisho alilala wapi, chini ya mti gani wa msitu wa Jozani, au katika mapango gani ya mawe ya matumbawe? Alijua kuwa yuko peke yake? Hakuna aliyekaa tanga. Tuliobaki tumerithi msiba usio na tarehe, na watoto wanaurithi bila kuwahi kumwona marehemu.

Kima punju bado wapo. Hawapatikani popote duniani ila visiwani kwetu, na walipohesabiwa kisiwa kizima walipita 5,800. Pale Jozani barabara ilikuwa ikiwaua, mpaka yakajengwa matuta ya kupunguza mwendo wa magari. Mtoto huwaona wakivuka na vichanga wamebanwa kifuani, akapiga kelele za furaha garini. Sitaki kumfundisha kuwatazama kama watu wanaoagwa. Lakini jicho langu limekwisha kuzoea, na sijui namna ya kulirudisha lilivyokuwa.

Kuhusu Abu Umair kuna jambo nilichelewa kulijua. Baadhi ya wanazuoni wa hadithi wanasema yeye ndiye yule mtoto wa Abu Talha na Ummu Sulaym aliyefariki akiwa bado mdogo, baba hayupo nyumbani. Baba aliporudi akauliza hali ya mgonjwa, mama akamjibu kuwa sasa ametulia kuliko alivyokuwa. Akampa chakula, akampa usiku wake. Baadaye ndipo akamuuliza: watu wakikuazima kitu chao, kisha wakakitaka, una haki ya kuwazuilia? Akasema hana. Basi akamwambia kuhusu mwanawe.

Kama ni yeye, basi mtoto aliyemlilia ndege naye alililiwa, na muda baina ya vilio viwili haukuwa mrefu. Usiku ule, mama alipokuwa akimfunika, alikikumbuka kijidege? Alikumbuka kwamba mwanawe aliwahi kuulizwa habari za marehemu wake mdogo, kwa upole, na mtu aliyekuwa na umma mzima wa kushughulikia?

Matangani tunalisema sana neno hilo la amana, nami naliamini. Lakini wapokezi hawakuficha kwamba Abu Talha alighadhibika. Alijua kuwa kitu ni cha mwenyewe, alikiri kwa kinywa chake, na bado kilimuuma. Mikono iliyoshika amana, ikishairudisha, hubaki na umbo la kile ilichokishika. Nani amewahi kueleza mikono hiyo ifanye nini?

Juzi dada yangu alinipigia simu. Mtoto ameomba jozi ya njiwa. Amekwisha kupata boksi, amelitoboa matundu, ametandika majani makavu ndani. Dada hakuwa na uhakika. Hajasahau lile sinia.

“Na wakifa je?” akaniuliza.

Nikamwambia watakufa, na mtoto atalia.

“Basi siku hiyo uje wewe ukae naye, maana mimi siyawezi.”

Nimekubali.