Tulimfuta Kijana, Kosa Likabaki

Kitu kikiharibika kazini kwenu, swali la kwanza huwa lipi? Katika ghala letu la chakula cha mifugo lilikuwa, "Ni nani?"

Kijana mmoja alimpakilia mteja chakula cha kuku wa mayai badala ya cha vifaranga. Chakula hicho kina chokaa nyingi, nayo hudhuru figo za vifaranga. Mimi, msimamizi wake, ndimi niliyeandika barua ya kumfuta kazi. Alikuwa na mtoto mchanga.

Mwezi haukuisha kabla aliyechukua nafasi yake hajakosea vivyo hivyo.

Jioni moja nikashuka ghalani mwenyewe. Taa ni moja. Magunia yote rangi moja, yamepangwa bega kwa bega, tofauti ni maandishi madogo ubavuni. Hata mimi nilishika lisilo lake! Tukatenganisha marundo, tukaongeza taa ya pili. Basi.

Katika viwanda vya Toyota kule Japani, mfanyakazi akiona kasoro hutoa ishara, kiongozi wake akaja kumsaidia. Sisi tulikuwa na barua tu.

Nilimtafuta kijana yule mtaani kwake. Jirani akaniambia alikwisha kuhama.