Tani Nne za Korosho kwa Chombo Kimoja

Msimu wa korosho wa 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwaingiza wanajeshi katika kazi ya kuisomba, mtu wa Nachingwea au Ruangwa aliweza kupima bei ya kitu chochote duniani kwa kilo. Tuchukue chombo cha tanga kiitwacho Laser, cha mtu mmoja, ambacho kimekuwa kikishindaniwa katika Olimpiki tangu 1996. Kipya kilikuwa hakipungui dola 6,000 hivi. Dola ilikuwa kwenye shilingi 2,300, kwa hiyo tunazungumzia shilingi milioni 13.8, yaani zaidi ya tani nne za korosho, kabla ya nauli ya meli na ushuru wa bandarini. Kwa mkulima mdogo hayo ni mavuno ya misimu kadhaa, na bado hajala wala hajasomesha mtoto. Ndiyo maana wengi hulifunga jambo hapo hapo: mashindano ya matanga ni mchezo wa wenye nazo. Nakubali hesabu, ila hukumu siikubali. Ukifuatilia namna vyombo hivi vilivyobadilika kwa miaka tisini hivi, utaona bei yake haiamuliwi na bahari wala na kasi. Inaamuliwa na kanuni za mashindano. Kile ambacho kanuni imekifunga hakinunuliki, na kile ilichokiacha wazi ndicho kinachomeza pesa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni vyombo viwili vilivyozaliwa vyote kwa nia ya unafuu. Mwaka 1928, huko Victoria, Australia, Len Morris alijiundia chombo kidogo cha mbao cha futi 11, na kutokana nacho likaja daraja la Moth, yaani aina ya vyombo vinavyoshindana kwa kanuni zile zile. Kanuni zake zilikuwa chache: urefu usizidi hapo, tanga lisizidi kiasi fulani, mengine shauri yako. Mwaka 1947, Clearwater, Florida, Clark Mills alibuni Optimist, kisanduku cha watoto kilichotoka kwenye mbao mbili za plaiwudi, kwa bei isiyozidi dola 50 ili wenye maduka wa mji waweze kuwafadhili watoto. Leo Moth hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, ina mabawa chini ya maji yanayoinua chombo kizima hewani, na bei yake imeiacha Laser mbali. Optimist imebaki chombo cha watoto duniani kote. Hata hivyo haikubaki hivyo kwa bahati. Viwanda vilianza kutumia mianya midogo ya vipimo kuuza vyombo vyenye kasi kidogo zaidi, mpaka mwaka 1995 kanuni zikakazwa ili vyote vifanane. Hakuna aliyewazuia watu wa Moth kubaki maskini. Kanuni zao ndizo zilizowapa ruhusa ya kutajirisha chombo, na ruhusa ya namna hiyo haikosi mtumiaji.

Hapa kuna pingamizi zito, na Laser yenyewe ndiyo inayolileta. Bruce Kirby, Mkanada, aliichora mwaka 1969, ikaingia sokoni 1971 kwa bei ya chini ya dola 700, na tangu hapo zimeundwa zaidi ya 200,000, zote sawa. Kama usawa unashusha bei, mbona tumefika kwenye tani nne za korosho? Sehemu ya jibu ni kwamba dola 700 za 1971 zilikuwa pesa nyingi kuliko zinavyosikika leo. Sehemu nyingine ni kwamba usawa wa chombo ukikabidhiwa wauzaji wachache, wao ndio wanaokuwa kanuni. Tanga la Laser lilikuwa la kitambaa kilichochoka upesi. Washindani wa juu walilibadilisha kila mashindano makubwa, na hawakuruhusiwa kununua kwa fundi mwingine hata kama lake lingekuwa imara zaidi na rahisi. Nafuu ya tanga la muda mrefu ilikuja miaka ya 2010. Mwaka 2019 chama cha daraja hilo kiligombana na kiwanda chake kikubwa cha Ulaya, kikakinyang'anya ruhusa, kikaingiza waundaji wapya, na chombo kikabadilishwa jina kuwa ILCA. Ninachokiona hapo ni kwamba kanuni inapaswa kufunga vipimo vya kitu na kuacha wazi nani anakitengeneza. Laser ilifunga vyote viwili.

Sasa turudi pwani yetu. Ngalawa haina kanuni iliyoandikwa, lakini kwa vizazi ilikuwa na usawa ambao Clark Mills angeutamani. Mwili wake hutoka kwenye gogo moja, mara nyingi la mwembe, linalochongwa kwa shoka na tezo. Unene wa mti ndio uliopanga upana, na wembamba huo ndio uliolazimisha matengo mawili pembeni, maana bila hayo chombo kingepinduka. Tanga lilikuwa la pamba, la amerikani, lililoshonwa kwa mkono na kurushiwa maji ya bahari ili nyuzi zikaze na upepo usipenye. Tajiri na maskini wote walikwenda kwenye mwembe ule ule na bunda lile lile la kitambaa. Kilichobaki ni ujuzi, na huo huonekana vizuri chombo kinapogeuzwa. Laser ikibisha, mtu anasukuma usukani, anainama ili boriti ya tanga ipite juu ya kichwa, anahamia upande wa pili, kwisha. Ngalawa huzungushwa kwa kupewa upepo mgongoni. Foromali, yaani mti unaobeba tanga, husimamishwa wima kandokando ya mlingoti, baharia mmoja anapitisha kamba ya tanga mbele ya omo hadi upande mwingine, mwenzake anaidaka, nahodha analiweka sawa shikio, na wote wanahamisha uzito wao kabla tanga halijashika tena. Mkono mmoja ukichelewa, mashindano yamekwisha.

Usawa huo umekuwa ukilegea. Magogo manene hayapatikani kirahisi kama zamani. Turubai za plastiki na vitambaa vya poliesta vimeingia, mashine za nyuma zimewaondoa wengi kwenye tanga, na mwili wa fibaglasi umeshakuwa kitu cha kawaida. Zaidi ya hayo kumekuwa na wageni waliolipa ada kushindana kwa ngalawa katika visiwa vyetu, kama kwenye Ngalawa Cup, na wao hawakukosa pesa za tanga bora. Kuna wanaosema tuache mambo yajiendee, kwa kuwa kuandika vipimo vya ngalawa ni kuiua mila. Mimi naona kinyume. Mila ilikuwa na mpaka wake, yaani gogo. Mpaka huo ukiondoka bila kuwekwa mwingine, tutafuata njia ya Moth, na mvuvi wa Lindi atakuwa mtazamaji wa mchezo wake mwenyewe.

Anayedhani jambo hili ni la bahari tu aitazame Namungo ya Ruangwa. Soka ni mchezo ambao vifaa vyake vimefungwa kabisa, kwani mpira ni ule ule kijijini na Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo timu yenye jina la kijiji iliweza kupanda hadi Ligi Kuu mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF kule Sumbawanga, Simba wakishinda 2-1. Lakini soko la wachezaji liko wazi, na huko ndiko gharama za klabu zinakoelekea kila msimu.

Pingamizi la mwisho ni la Olimpiki: kwamba ngalawa haimo humo, kwa hiyo afadhali tununue Laser. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ilipeleka wasichana kwenye mashindano ya matanga ya Tokyo: Denise Parruque na Maria Machava kwa chombo cha watu wawili kiitwacho 470, na Deizy Nhaquile kwa Laser Radial, yaani Laser yenye tanga dogo zaidi. Ngalawa haitampeleka mtu huko, na sitadai kwamba aliyeizoea ataikalia Laser siku ya kwanza na kushinda, kwa kuwa namna ya kugeuza ni nyingine kabisa. Lakini hao ni watu watatu katika nchi nzima. Mkoa wa Lindi, wenye mfuko mdogo unaochangiwa pia na korosho ya Ruangwa na Nachingwea, ukinunua Laser kumi umetumia, kwa bei za msimu ule wa 2018, thamani ya tani arobaini za korosho kwa ajili ya vijana kumi. Fedha hizo hizo zingeendesha mashindano katika ghuba ya Lindi kwa miaka, vyombo vikiwa vya wavuvi wenyewe. Vipimo vinavyohitajika ni vichache: urefu wa mwili, eneo la tanga, na kitambaa kiwe kile kinachouzwa madukani Lindi mjini, kishonwe na fundi yeyote. Kuhusu magogo, ambayo hata huku bara tunayaonea uchungu tukikumbuka mivule ya Rondo ilivyovunwa, sipingi fibaglasi. Iwe kalibu moja, itolewe kwenye ngalawa inayovua sasa hivi, na karakana yoyote iruhusiwe kuitumia.