Homa ya Mtoto Mwenye Selimundu: Kumbukumbu ya Ikungi

Selimundu, ambao wengi mkoani Singida huuita sikoseli, ni ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hupoteza umbo lake la duara linalonyumbulika, zikawa ngumu na kupinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kufa mapema kuliko kawaida. Tanzania huhesabiwa miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani, na makadirio yanayotumiwa mara nyingi ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Maandishi mengi hueleza maumivu ya mifupa na upungufu wa damu, lakini kwa wazazi wanaokaa na mtoto huyo nyumbani, sehemu kubwa ya malezi ni kukabiliana na magonjwa ambayo kila mtoto huyapata: homa ya usiku, kikohozi, kuharisha, mafua. Kumbukumbu hii inafuatilia namna homa ilivyobadilika maana katika nyumba moja wilayani Ikungi, mkoani humo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi sasa.

Mwandishi na mumewe wamelea watoto wawili wenye selimundu. Wa kwanza ni kifungua mimba, aliyezaliwa Ikungi ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Singida Vijijini, na wa pili ni kitinda mimba, aliyezaliwa mwaka 2013, baada ya Ikungi kupewa hadhi ya wilaya. Waliozaliwa kati yao hawana ugonjwa, kwa sababu wazazi wawili wanaobeba kinasaba kimoja kimoja chenye kasoro, huku wenyewe wakiwa wazima, wana uwezekano wa robo katika kila mimba wa kupata mtoto aliyerithi vyote viwili. Maelezo hayo, yalipofika kijijini, yalimwondolea mwandishi lawama ambazo ukoo ulikuwa umemtwisha peke yake, naye huyahesabu kuwa tiba ya kwanza ambayo nyumba hiyo ilipata.

Katika miaka ya kifungua mimba, homa ilikuwa na jina moja tu, malaria, na jibu lake lilikuwa klorokwini, vidonge vichungu vilivyopatikana katika zahanati na hata dukani. Singida ni nyanda za juu zenye ukame, na ni miongoni mwa mikoa ya nchi ambayo malaria ni kidogo, kwa hiyo homa nyingi zilizotibiwa kwa dawa hiyo huenda zilitokana na mambo mengine kabisa. Kwa mtoto mwenye selimundu, kutokutofautisha huko kulikuwa hatari ya pekee. Malaria yenyewe humpunguzia damu kwa kasi na inaweza kumuua, hivyo haikufaa kupuuzwa. Lakini pia bandama, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto ambacho huchuja bakteria kutoka kwenye damu, kwa watoto hawa huharibika katika miaka ya mwanzo ya uhai, na baada ya hapo bakteria wa nimonia wanaweza kuenea mwilini na kumwangusha mtoto ndani ya saa chache, wakati wazazi wakisubiri klorokwini ifanye kazi. Bandama hiyo hiyo, kabla ya kusinyaa, yaweza kuvimba ghafla na kukusanya damu nyingi ndani yake, mtoto akapauka midomo na viganja kati ya asubuhi na jioni. Wazee walioona tumbo limejaa upande wa kushoto walishauri chale, na hawakushauri kwa nia mbaya, kwa maana uvimbe waliuona na kuushika, ila hawakuwa na namna ya kujua kilichokuwa ndani yake.

Viganja na miguu ya kifungua mimba vilivimba akiwa bado ananyonya, dalili ambayo leo mhudumu yeyote aliyefundishwa huitambua kuwa ya selimundu, lakini alipimwa damu baadaye sana, alipokwisha kutembea na kusema. Kujua jina la ugonjwa hakukubadilisha mara moja namna ya kuitazama homa. Mwaka 2001 serikali iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria na kuweka SP (salfadoksini na pirimethamini), kisha kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto. Dawa zilipishana, lakini wazo la kwamba homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo lilibaki pale pale.

Kwa maoni ya mwandishi, kilichogeuza mambo ni kile kipande kidogo cha plastiki kinachopokea tone la damu kutoka kidoleni, kipimo cha haraka cha malaria, kilichoenea katika zahanati za nchi kuanzia karibu mwaka 2010. Kabla yake mzazi aliondoka na dawa na matumaini; baada yake aliweza kuambiwa kwamba mtoto hana malaria, na hapo swali la pili, ambalo halikuwahi kuulizwa, likalazimika kuulizwa: kama si malaria, homa hii inatoka wapi? Kwa mtoto mwenye selimundu swali hilo ndilo linaloongoza kwenye sindano ya antibayotiki na rufaa ya haraka. Mama aliyefundishwa kwamba joto la nyuzi 38.5 ni sababu ya kuondoka nyumbani usiku huo huo, bila kungoja kupambazuke, alianza kusikilizwa mapokezini, ambako zamani alihesabiwa kuwa mwenye hofu nyingi.

Kinga nayo ilichelewa. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba pensilini ya kunywa mara mbili kwa siku hupunguza mno maambukizi ya bakteria wa nimonia kwa watoto wadogo wenye selimundu, lakini kifungua mimba alipita umri huo bila mtu yeyote kuitaja. Kitinda mimba aliinywa tangu uchanga, tena alikuwa miongoni mwa watoto wa mwanzo kupata chanjo ya nimonia, iliyoingizwa katika ratiba ya taifa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2012. Watoto wawili wa tumbo moja, wenye damu ya namna moja, wamekulia katika hatari zisizolingana.

Yapo, hata hivyo, ambayo sayansi imeyagusa kidogo. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa Singida huwa mkali na mkavu, usiku huwa wa baridi kali, na baridi hubana mishipa, damu ikapita kwa taabu na maumivu yakaanza. Mafua ambayo kwa mtoto mwingine huisha kwa kujifuta kamasi, kwa huyu yaweza kushuka kifuani na kuwa ugonjwa wa mapafu unaohitaji oksijeni na kuongezewa damu. Sweta, soksi na maji ya kuoga yaliyopashwa moto ni sehemu ya matibabu, ingawa haviandikwi kwenye cheti. Ndivyo ilivyo kwa maji ya kunywa pia, maana mwili uliokauka huifanya damu kuwa nzito, na siku moja ya kuharisha hutosha kuleta maumivu ya mifupa, katika vijiji ambavyo mwishoni mwa kiangazi maji hufuatwa mbali. Kwa muda mrefu mwalimu aliyemwona mtoto akiomba ruhusa ya kunywa maji na kwenda haja mara kwa mara alimdhania mtoro, na mzazi alilazimika kumweleza kila mwalimu mpya upya.

Safari ya hospitali, iliyokuwa ya baiskeli, sasa ni ya bodaboda, na simu humwita dereva hata usiku wa manane. Gharama yake bado hutoka kwa kuku wa kienyeji au gunia la alizeti. Bima ya afya ya jamii iliyoboreshwa, iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilipunguza kuuza mifugo kwa haraka na kwa hasara, lakini haikumlipa dereva wala kugharimia chakula cha mama anayelala wodini kumuuguza mwanawe.

Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto, yaani tishu laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu, na dawa ya haidroksiyurea imethibitishwa katika utafiti wa nchi nne za Afrika, uliochapishwa mwaka 2019, kwamba hupunguza maumivu na hata matukio ya malaria. Mwandishi anazipokea habari hizo kwa shukrani, lakini angependa zaidi kuona tone la damu la kila mtoto mchanga likipimwa selimundu katika zahanati za wilaya za Ikungi, Mkalama na Manyoni kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani, kwa sababu hatari kubwa zaidi aliyopitia kifungua mimba ilikuwa katika miaka ile ambayo kila homa yake ilitibiwa na watu wema wasiojua mtoto waliyemshika ni mgonjwa wa nini.